Siku Niliyotafuna Nyasi Mbele ya Mama Mkwe

Aibu hii nimeificha miaka mingi, lakini kwa vile mke wangu ameanza kuisimulia kwa kila harusi, wacha niiseme mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya tisini, hapa Karungu, kiangazi kikali kikikaribia. Punda aliyetubebea maji kutoka ziwani alikuwa wa mama mkwe wangu wa Kisegi, ambaye alituazima kwa sharti moja: akikonda, anarudi. Mimi nani nimkondeshe? Nilikuwa nimehudhuria semina ya mifugo siku nzima (chai na mandazi mawili), kwa hivyo nilikuwa profesa. Tulifundishwa kuhifadhi chakula cha kiangazi: ukate nyasi mbichi, uzianike zinyauke kidogo, uzishindilie kwa mfuko wa nailoni, utoe hewa yote, ufunge kabisa, na usifungue mpaka siku ya kulisha.

Nilifuata yote isipokuwa hilo la mwisho. Sasa niambie, utakuwaje na kitu cha kisasa hivyo na usionyeshe watu? Kila mgeni nilimfungulia anuse kidogo, jirani, katekista, hata mama muuza samaki wa omena, halafu nafunga tena vizuri kabisa, kama mtaalamu.

Nyasi za nje zikaisha, punda akaanza kuonyesha mbavu, na mama mkwe akafika na dada zake wawili. Kwetu mama mkwe hata usoni haangaliwi. Nikainamisha kichwa, nikafungua mfuko. Yawa! Ukungu mweupe, na harufu ya soksi. Punda akanusa, akapiga chafya, akanigeuzia matako.

"Ora," yaani mkwe, mama mkwe akauliza kwa upole ule wa kuua, "hiki ni chakula cha nani?"

"Ni kitamu sana, mama. Huyu anaringa tu."

Na mimi, baba wa watoto watatu, nikachota konzi nikatafuna ili aamini. Nikameza. Ikarudi yote, pamoja na uji wa asubuhi, karibu kabisa na viatu vyake vya kanisani.

Hakuna aliyecheka, na hiyo ndiyo iliniumiza zaidi. Mama mkwe akamfungua punda. "Pole, ora. Kunywa maji."

Maji yapi, na ndiyo hayo yanaondoka na punda?

Nikaanza kubeba mitungi mwenyewe, na wanawake kule ziwani wakanipisha mbele kwa heshima kubwa sana. Mwaka uliofuata nilifunga mifuko mitano ya nyasi, sikumfungulia mtu, hata chifu, nikaituma Kisegi ili nisamehewe. Jibu likaja kupitia mke wangu: "Mwambie kwamba punda amezipenda sana. Alete zingine."

Kwa hivyo nikawa namlisha punda Kisegi, na maji nabeba Karungu.