Vidonge Nilivyomnyima Baba Mkwe

Mguu huu wa kushoto mnaouona ni wangu wa kuzaliwa, na nimeupigania kuliko watu wanavyopigania mashamba. Nilikuwa mchimbaji katika mgodi wa madini ya risasi hapa Mpanda. Nikipiga nyundo, watu wa Karema walidhani ni radi ya ziwani. Jioni nilisoma shule ya watu wazima, nikahitimu wa kwanza. Tulikuwa wanne tu, lakini wa kwanza ni wa kwanza.

Siku moja jiwe lilinichana muundi. Nikafunga kitambaa, nikaendelea na kazi. Siku ya tatu mguu ulivimba, usaha wa njano ukawa unatoka, na mtoki ukasimama kwenye kinena kama yai la bata. Dresa wa hospitali, mfunga vidonda Bwana Yona, akanipa vidonge vya siku saba.

"Meza vyote, hata ukijiona umepona."

Siku ya tatu homa ilishuka, nikajiona tajiri wa dawa. Kwetu mtu hali peke yake wenzake wakimtazama. Jirani analalamika tumbo, nikampa viwili. Shemeji anakohoa, nikampa vitatu. Mke wangu, Veronika, akauliza, "Na wewe je, Baba Tereza?"

"Mimi nimeshapona, mama."

Watu wakaanza kuniita Daktari. Nikaitika.

Baada ya majuma mawili kidonda kilirudi, safari hii kikubwa kama sahani. Kilinuka mpaka nzi wa Majimoto, kijijini kwa wakwe zangu, wakaja kwa miguu. Nikapewa vidonge vilevile, nikameza vyote, wala havikufanya kitu. Nikalazwa. Daktari aliponihoji nikaungama kila kitu.

"Vijidudu dhaifu vilikufa," akasema. "Ulipoacha dawa, vile sugu vikabaki, vikazaana. Sasa dawa ile haiviwezi. Na shemeji yako je?"

"Bado anakohoa, bwana daktari. Tena zaidi."

"Umeona. Sasa ipo dawa mpya, imekuja kidogo kwa treni. Na hii ukiikatisha, nitakata hapa." Akanigusa juu ya goti. Siwafichi, shuka lililowa kidogo.

Siku ya tano ya dawa mpya, baba mkwe aliingia wodini akichechemea. Alikuwa amepanda lori kutoka Majimoto, na mchele mkononi, na kuku kwapani. Nikainamisha macho kama inavyopasa.

"Baba Tereza, kisigino kinaniua. Nasikia una dawa ya ajabu. Nipe vitatu tu."

Vidonge vya mchana nilikuwa navyo kiganjani. Mkwe hanyimwi kitu, tena aliyekuja na kuku!

"Baba, nisamehe. Hivi sikupi."

"Mimi? Niliyekupa binti?"

"Hata wewe, Baba. Nikikupa, mimi nakatwa mguu na wewe huponi. Dresa akutazame kwanza."

"Mchoyo!"

Nikavimeza mbele ya macho yake na kikombe kizima cha maji. Jasho lililonitoka siku hiyo sijawahi kulitoa mgodini.

Bwana Yona akamkalisha mzee, akatazama kisigino, akachukua kibano, akavuta. Ukatoka mwiba mrefu kama msumari wa reli.

"Mzee, na huu ulitaka uumezee vidonge?"

Wagonjwa walicheka, hata waliokatazwa kucheka. Baba mkwe hakucheka. Mchele aliuacha, kuku akaondoka naye.

Nilimaliza dawa mpaka kidonge cha mwisho. Kidonda kikajaa nyama, kikafunga. Kisha shemeji nikampeleka mwenyewe kwa daktari, akapimwa, akapewa dawa yake, nikamsimamia kila siku mpaka akaimaliza. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, namshukuru Bwana Yona. Nyie ndugu zangu, gaweni ugali, gaweni nguo, hata kitanda gaweni. Dawa uliyopimiwa wewe usimgawie mtu, na usiiache njiani.

Mpunga ulipovunwa nilikwenda Majimoto, nikatembea kijiji kizima kwa miguu yangu. Baba mkwe akamkamata kuku yuleyule, maana nilimtambua kwa kishungi chake, akamchinja mwenyewe. Halafu akaita majirani kwa sauti kubwa:

"Njooni mumwone mkwe wangu mchoyo! Ana miguu miwili!"