Injini Iliyofungwa Nikiwa Edani

Injini ilifungwa upya nikiwa edani, na hilo ndilo linalonichemsha damu mpaka leo. Mume wangu alipofariki, lori letu lilikuwa limeshushwa injini kwenye yadi moja ya mafundi huko Malvern, nyuma ya Jules Street. Kwetu Tanga mjane hatoki kwenda kusimama kati ya mafundi, hata akiwa Johannesburg. Basi nikakaa ndani ya fleti. Nikampa shemeji yangu, mdogo wa marehemu, boksi la ringi mpya za pistoni, nikamwachia asimamie kazi yote. Nani angemkagua? Ukimkagua shemeji yako msibani unaitwa mwanamke asiye na haya.

Nilipomaliza eda nikaikuta injini imepakwa rangi ya fedha, inang'aa kama sufuria ya harusi. Lakini ikawaka kwa shida. Asubuhi za baridi lori lilikohoa moshi mweupe, na likipakiwa mboga za kupeleka kwenye spaza, vile viduka vya mitaani, lilishindwa hata kilima kidogo. Kompresheni, ile nguvu ya pistoni kubana hewa, ilikuwa imepotea.

"Ringi mpya hizo, shemeji, bado hazijakaa," akasema mdogo wa marehemu. Nikangoja. Baadaye akaja na maneno mengine: "Eish, injini hii imekwisha. Uza tu lori. Nitalichukua mimi, lisitoke nje ya familia."

Familia! Lori hilo tulilinunua wawili. Nilifunga duka langu la Joubert Park ndipo tukalipata. Ndilo lililowalisha wanangu, na likienda, ningebaki kumwomba chakula huyo huyo shemeji. Tena mimi ndiye niliyekuwa nampa mume wangu spana. Najua injini nzima inavyohema.

Nikamwita fundi wa Kikongo, mtu wa Lubumbashi, anayefanya kazi yadi hiyo hiyo. Akatoa nozeli ya kupulizia dizeli ya silinda ya kwanza, akaipandisha pistoni juu kabisa huku valvu zote zimefungwa, akaunganisha pale mpira wa kompresa. Upepo ukiingia ukakosa pa kutokea, silinda ni nzima. Ukitoka, unasikiliza unatokea wapi. Nikainama kwenye ekzosi: kimya. Kwenye njia ya hewa: kimya. Maji ya rejeta hayakutoa hata povu.

"Maman, weka mukono huku," akaniambia, akinionyesha tundu la kumiminia oili.

Nikaweka kiganja, upepo ukanipuliza vidole. Ulikuwa unapita kando ya pistoni, kwenye ringi. Silinda zilizofuata zikawa vile vile.

"Fungua," nikasema.

Hedi ya juu ikatoka, sampu ya oili chini ikatoka, pistoni ikavutwa. Ringi zilikuwa zimesuguliwa kwa brashi ya waya hadi zikametameta upande wa mbele, lakini nyuma zilikuwa na masizi ya miaka. Fundi akachukua moja, akaisukuma peke yake ndani ya silinda. Ringi mpya ikikaa humo, ncha zake hukaribiana sana, wembe unapita kwa taabu. Hii, ukucha wangu wa kidole gumba ulipita bila kugusa. Zilikuwa ringi zetu za zamani. Mpya alizipeleka wapi anajua yeye na Mola wake. Nikakaa juu ya tairi, nikatuma aitwe.

Shemeji alipoitwa alikuja na mzee aliyemswalia mume wangu. Mzee akaitazama ile ringi, akainamisha macho.

"Funika kombe mwanaharamu apite, mwanangu. Mkayamalize nyumbani."

"Nakuheshimu, baba," nikamjibu, "lakini hili silifuniki."

Nilidhani shemeji ataapa, atakana, atasingizia duka la vipuri. Hakufanya hata moja. Alinitazama kwa dharau. "Wewe nawe, ungekaa ndani kama wanawake wenzako, tusingefika huku."

"Nilikaa ndani," nikamwambia. "Ndipo ulipoiba."

Nikanyoosha mkono, nikadai ufunguo wa lori aliokuwa nao. Hakuniwekea mkononi. Aliutupa chini kwenye oili iliyomwagika, mbele ya mzee wa watu. Nikainama, nikauokota, nikaufuta kwa kanga yangu wote wakitazama.