Vitabu vya Watu Kwenye Mgao wa Marehemu

Ninyi vijana mnaosoma haya, kwenu kitabu ni kitu cha kusukumia chini ya kitanda. Haya, tulieni niwaeleze.

Wakati wa Mwingereza, huku kwetu vitabu vilikuwa sehemu tatu: shule ya misheni kule milima ya Mbebe, hospitali ya misheni, na chumba cha kusomea cha baraza hapa Tunduma. Vyote vichache. Wakubwa wa sehemu hizo wakapatana: asiye na kitabu aombe kwa mwenzake, asome, arudishe. Aliyevipeleka na kuvirudisha ni mume wangu, kwa baiskeli, ndani ya sanduku la sabuni. Vikichelewa njiani, vililala kwetu.

Binti yetu mkubwa alikuwa akingoja kuitwa hospitali, aulizwe maswali, waone kama anafaa kufundishwa ukunga. Baba yake akamwombea kitabu cha ukunga cha hospitali hiyo hiyo. Kikafika nyumbani. Kesho yake kichomi kikamshika baba. Hakuinuka tena.

Sikulia. Nilikaa kwenye mkeka, watu wakaingia wakatoka, uji ukaletwa, sikujua kama una chumvi au hauna. Matanga yalipoisha wazee wakagawa vitu vya marehemu. Baiskeli kwa mdogo wake. Koti kwa mjomba wake. Halafu mtu akafungua sanduku, wakagawa na vitabu, kimoja kimoja, maana miaka yote walimwona navyo. Mjane hasemi kwenye mgao. Nikatazama tu.

Haikukaa sana, hospitali ikaleta neno: mpaka vitabu virudi, hakitoki kingine, si kwa shule, si kwa baraza. Binti akaniuliza, "Mama, na mimi nitasoma nini?"

Nikaenda Ndalambo kwa shemeji, yule aliyepewa baiskeli.

"Shemeji, hicho kitabu ulichogawiwa kina mhuri wa hospitali."

"Mhuri ndiyo nini? Ng'ombe naye ana alama sikioni. Akitolewa mahari, si anahama na alama yake?"

Waliokuwapo wakacheka. Mimi cheko sikuwa nalo.

"Huyu hakutolewa mahari," nikasema. "Aliwekwa kwa kaka yako akamuliwe tu. Mtunzaji akifa, ng'ombe wa kukamua mnamrithi ninyi?"

Zizini kwake mwenyewe walikuwamo ng'ombe wa watu. "Ungesema hivyo siku ile," akanung'unika, kisha akaenda kuvikusanya kwa wenzake.

Vikarudi. Cha ukunga kilikuwa kwa mjomba. Nacho kilirudi, ila katikati hakikuwa na kitu; karatasi alikuwa amesokotea tumbaku. "Nyembamba, nzuri sana hizo, mwanangu," akaniambia, bila ubaya wowote.

Binti akasoma mwanzo na mwisho. Akaitwa, akaulizwa ya katikati. Hakuchukuliwa. Aliporudi alishika jembe akaenda shamba, nami nikashika langu nikamfuata.

Hospitali ilipokea vile vilivyobaki, sanduku likaanza kutembea tena, likibebwa na mtu mwingine. Akaomba liwe linalala kwangu kama zamani. Nikakubali, lingelala wapi? Ila siku hiyo niliwaita wote wa nyumba yangu, wakubwa kwa wadogo, nikawaambia:

"Akifa mtu humu ndani, hata nikiwa mimi, msianze kulia. Toeni kwanza vitabu vya watu, vipelekeni kwa jirani. Ndipo mlie."