Taya Langu na Kahawa ya Watu

Jino langu la nyuma lilipasuka nikiwa usingizini. Si kwa korosho wala kwa mfupa. Nililala mzima, nikaamka na kipande cha jino juu ya ulimi. Mke wangu hakushangaa, maana alikwisha kuzoea kunitania asubuhi, "Leo ulikuwa unasaga mahindi ya nani?" nami najifanya simwelewi. Tangu kaka yangu alipofariki na kuniachia mwanawe, meno yangu hayajui kupumzika. Hata mchana, nikisahihisha madaftari ya wanafunzi, hushtuka nimeyakaza mpaka kichwa kinagonga.

Daktari wa meno alinipa kwanza kifaa cha plastiki cha kuvaa nikilala. Nikakitafuna kikaisha. Ndipo akanieleza habari ya sindano: sumu ya botulini, kiasi kidogo sana, inachomwa kwenye msuli wa taya huku na huku, msuli unalegea kwa miezi kadhaa na meno yanapata nafuu. Alipotaja jina lake la mjini, botoksi, nusura niinuke kitini. Hiyo si ndiyo sindano ya wanawake wa kwenye simu, wasiotaka makunyanzi? Na mimi, pale barazani kwetu, ndiye ninayeongoza kuwacheka wanaume wanaopaka ndevu rangi! Nilichomwa, nikarudi nyumbani, nikamwambia mke wangu nimezibwa jino.

Daktari alinionya kwamba kutafuna kutakuwa kazi, kwa hiyo nile vyakula laini. Nikaitikia. Wala sikukumbuka kwamba mbele yangu kulikuwa na posa.

Mtoto wa kaka alikuwa amempata binti mmoja mtaa wa Nguvumali, katika familia ya Kipemba yenye duka la vitambaa. Baba yake kijana ndiyo hayupo tena, hivyo wa kumsemea ni mimi. Kijana hakuficha hofu yake. "Ami," aliniambia, "huyu nikimkosa, sijui." Akaishia hapo, na mimi sikuhitaji zaidi.

Sasa lazima niseme jambo ambalo watu wa kwetu tunalijua na tunaona haya kuliandika. Wapemba wakitajwa, hapakosi mtu wa kushusha sauti na kuanza habari za uchawi. Mama yangu, Mungu amrehemu, alitukanya tangu utotoni: kwa Wapemba salimieni, chezeni, ila msitie kitu mdomoni. Ni upuuzi mtupu. Mimi ni mwalimu wa bayolojia, na upuuzi huo nimeukemea darasani mwaka hata mwaka. Lakini Wapemba wenyewe wanajua tunavyowasema, na mgeni akila kwao kwa kusitasita, hawahitaji tafsiri.

Nilikwenda na jirani yangu tunayesali naye. Tulipokelewa vizuri, maneno yakaenda sawa, kikaletwa chakula: sinia moja la pilau, nyama ya ng'ombe imelala juu. Nikatia tonge, nikatafuna, msuli ukagoma. Nyama ilizunguka mdomoni bila kusagika, nikaificha shavuni na kujifanya nasikiliza mazungumzo. Baba wa binti, kwa ukarimu wake, akawa ananisogezea mapande mazuri mazuri, nayo yakalundikana mbele yangu kila mtu anayaona. Jirani yangu alikula kwa niaba yetu sote wawili.

Kisha ikaja kahawa. Bibi yake binti, mama wa mwenye nyumba, alikuwa amekaa karibu na mlango wa ndani, akamimina kwa mkono wake. Nikakinyanyua kikombe, nikakigusisha mdomoni, nikakirudisha chini. Nikasema alhamdulillahi, nimeshiba.

Jibu lao lilikuja kupitia kwa jirani: wanashukuru kwa heshima tuliyowapa, lakini binti bado anasoma. Binti alikwisha kumaliza chuo. Nilipombana jirani, akaangalia pembeni. "Wamesema hawamtoi mtoto wao kwa watu wanaoogopa chakula chao."

Mtoto wa kaka alikuwa amekaa pale pale. "Ami," akasema taratibu, "hukula?"

Nilimweleza yote ya sindano, mbele ya mke wangu, uso ukiniwaka. Mke wangu alifunika mdomo kwa upande wa kanga, mabega yakimcheza. Kijana yeye hakucheka. Alisimama kwa furaha. "Basi kumbe ni taya tu! Nenda kawaambie, Ami, watakuelewa."

Nikaenda peke yangu. Mbele ya baba wa binti na yule bibi wa kahawa nilianza na shikamoo, kisha nikaeleza: kusaga meno usiku, jino lililopasuka, sindano, msuli uliolegea. Nilipofika kwenye jina la dawa, baba wa binti alipiga kofi pajani akacheka mpaka machozi. "Mwalimu! Ile ya kutoa makunyanzi?" Nikacheka naye. Niliona aibu, ndiyo, jasho lilinitoka, lakini nilijiona pia mwanamume kweli, niliyejishusha kwa ajili ya yatima.

Bibi hakucheka. Alinitazama tu, mikono juu ya magoti.

"Nyama n'mefahamu, mwanangu," akasema. "Na kahawa jee? Kahawa nayo hutafunwa?"

Naapa, mpaka dakika ile nilikuwa nimejiaminisha kwamba ni taya. Nilichosikia kichwani ni sauti ya mama yangu, ileile ya kutukanya. Nilikiogopa kikombe cha mzee huyu. Mimi, na bayolojia yangu yote, nilikaa kwenye mkeka wake nikiomba mtoto wao na huku nawadhania mabaya. Nilitamani sakafu inimeze.

Bibi hakunisubiri. Alivuta birika, akamimina kikombe, akakisukuma kwangu. Nikanywa. Ilikuwa ya moto sana, nikainywa hivyo hivyo mpaka mashapo, yeye akinitazama koo. Nilipokiweka chini alikichungulia ndani.

"Mungu akupe afya ya taya," akasema. "Kijana na aje na wazee wake."

Nilimkuta kijana ananisubiri mlangoni. Baba wa binti alikwisha kumpigia simu, akamsimulia ya sindano kwa vicheko, na bila shaka kwa huruma yake hakumsimulia ya kahawa. Macho ya kijana yalikuwa mekundu.

"Umejivunjia heshima kwa ajili yangu, Ami. Baba mwenyewe asingefanya zaidi."

Akaushika mkono wangu, akainama kuubusu. Nilitaka kumwambia habari ya kikombe. Nikajaribu kukaza meno kama ilivyo desturi yangu, taya likakataa, likabaki limelegea tu. Mdomo wangu haukuwa na kitu cha kuuzuia, na bado sikusema lolote. Nikamwachia mkono, akaubusu.