Neno Nililoongeza Kwenye Fomu

Fomu za benki za baba najazaga mie. Yeye anasoma Kiswahili na Kiarabu, ila Kiingereza kinampiga chenga, na tangu niingie kidato cha kwanza kazi hiyo ameniachia. Naipenda, kwa sababu karatasi haikuangalii usoni.

Duka letu liko Temeke. Tunauza mchele, viungo, na Ramadhani ikikaribia, tende. Baba hununua kwa mfanyabiashara wa Dubai, ila zenyewe zinatoka Iran, zile nyeusi laini. "Hizi za Iran, siyo zile kavu," huwaambia wateja akiwaonjesha. Kwetu hiyo ni sifa.

Safari hii, kwenye nafasi ya kueleza malipo ni ya nini, baba alisema, "Andika tende, inatosha." Mie nikaandika tende za Iran. Mwalimu wetu wa biashara anakata maksi usipoeleza kikamilifu. Nilijiona nimefanya la maana.

Siku ya nne tangu fomu ipelekwe, benki wakapiga simu, baba akaweka sauti ya juu tusikie wote. Hela imezuiwa njiani. Malipo ya dola yanapitia Marekani, na Marekani wameiwekea Iran vikwazo. Tende zenyewe hazijakatazwa, alisema yule dada wa benki, ila benki za huko zikiona jina tu zinaogopa. Mzee alete barua ya maelezo.

"Marekani wamenijuaje mie wa Temeke?" baba akauliza simu ilipokatika.

Mama akajaribu utani. "Ushakuwa mtu mkubwa, baba watoto. Watakuweka listi moja na wenye makombora."

Baba hakucheka. Mie nilijua lile jina limefikaje huko. Nikajifungia chooni mpaka mama akagonga kuuliza kama naumwa.

Baada ya chakula baba aliniita mezani. "Binti yangu, chukua kalamu. Waandikie sijawahi kununua kitu chochote kinachotoka Iran."

Niliandika tarehe. Nikaandika anwani. Mkono ukagoma. Benki wana fomu yenye saini yake inayosema Iran, na sasa watapata barua yenye saini yake inayosema siyo Iran. Kichwani mwangu alishafungwa pingu, duka limepigwa kufuli. Na kusema kwa mdomo siwezi, mie hata shikamoo naitoa chini chini mpaka wageni wanadhani sijawasalimia. Basi chini ya anwani nikaandika kwa Kiswahili: Baba, neno Iran niliongeza mie kwenye fomu. Nikamsogezea.

Alisoma. Akafuta miwani, akasoma tena.

"Nilikwambia tende."

"Ndiyo, baba."

"Tende, basi!"

"Ndiyo."

Hakunipiga, hakugomba. Aliikunja ile karatasi, akaikunja tena, akaenda kufunga mlango kwa komeo. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Sikuwahi kumwona baba akiogopa.

Asubuhi nikakosa shule, tukaenda wote benki. Yule dada alimwamkia baba, akatoa ile fomu. "Mzee, huu mwandiko wako?"

"Wangu," baba akajibu haraka.

Nikatazama sakafu. Nilimwacha aseme hivyo, na moyoni nilifurahi. Naliandika hili kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

"Basi niandikie hapa kwa Kiingereza. Tende zinatoka wapi, nani kakuuzia, na kwamba ni chakula tu. Mimi nitapeleka, ila watakaoamua ni wao."

Akampa kalamu. Baba akaishika, ncha ikagusa karatasi, ikabaki pale pale. Nyuma yetu watu wa foleni walikuwa wanaguna. Yule dada akaangalia kalamu, kisha akamwangalia baba, uso wake ukaanza kubadilika.

Nikaichukua kalamu mkononi mwa baba. "Naandikaga mie," nikasema. "Na ile fomu pia."

"Sema kwa sauti, mdogo wangu."

Nikarudia. Foleni nzima ikasikia. Kisha nikaanza kuandika, mkono wa baba ukiwa begani kwangu, mzito, na nilipofika pa kusema zinatoka wapi nikaandika Iran.