Darasa la Nne Lajifunza Kukimbia Polepole

Mwalimu wa darasa la nne alipewa mbio kwa sababu alichelewa kikaoni. Aliingia ofisi ya walimu akijifuta jasho, akakuta majukumu mepesi yote yamekwisha kugawiwa: bustani, maktaba, kengele. Lilibaki moja, ambalo wenzake walilitazama kama mtu anavyomtazama nyoka aliyelala.

"Mbio ndefu," alisema mwalimu mkuu. "Tumekuwekea wewe." Kana kwamba ni kipande cha keki.

Mwalimu wa darasa la nne alikuwa mwanamke wa miaka hamsini kasoro, mwenye goti lililolalamika kila penye ngazi. Mara ya mwisho kukimbia alikuwa akikwepa mvua, na mvua ilimpata. Jioni alipompasha habari mume wake, fundi wa friji, mume aliweka bisibisi chini ili acheke vizuri.

"Wewe, mama watoto? Ukipanda ngazi unapumzika katikati kama lori la mizigo."

"Sikimbii mimi. Wanakimbia wao."

"Na wewe utawafundisha nini sasa?"

Swali lilikuwa la haki. Akatafuta kitabu. Kitabu kilisema hatua ziwe fupi, mikono isivuke kifua, macho yatazame mbele badala ya kutazama vidole vya miguu, na kiganja kifumbwe kwa upole kana kwamba kimeshika yai. Watoto walishika yote barabara. Walijipanga getini, kila mmoja na mayai yake mawili ya hewa, filimbi ikalia, wakafyatuka kama waliovamiwa na nyuki. Njia yenyewe haikuwa ya kutisha: kutoka getini, kupita karakana ya matofali, kuzunguka soko, kupita posta na kurudi. Lakini walipofika sokoni, pumzi zilikuwa zimewaishia. Walirudi wakitembea, wameshika viuno, na mmoja akatapikia maua ya mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayekuta wazazi mlangoni kila Jumatatu wakiulizia alama za hisabati.

"Nakupa mpaka mwisho wa muhula," alisema. "Siku hiyo nitasimama hapa getini mwenyewe. Darasa zima lirudi likikimbia. Akitembea hata mmoja, kipindi chako cha mbio nakigeuza hisabati."

Hapo ndipo alipojikuta anakitaka kipindi chenyewe, jambo lililomshangaza. Kilikuwa kipindi pekee cha wiki ambacho hakuna mtoto aliyemuuliza kama hili litatoka kwenye mtihani.

Siri ilifichuliwa na ugomvi. Wasichana wawili walitoka getini wakigombania ufutio, na kwa kuwa huwezi kugombana vizuri na mtu aliyekuacha nyuma, walikimbia bega kwa bega.

"Nilikuazima."

"Ulinipa."

"Nilikuazima, na shahidi ninaye."

Walipita karakana, wakazunguka soko, wakapita posta, wakaingia getini ufutio ukiwa bado haujapata mwenyewe. Hawakuwa wakihema. Wala hawakujua kwamba wamemaliza. Mwalimu aliwatazama kama mtu aliyeona kabati likihama lenyewe.

Tangu hapo aliacha mayai, akabakiza sheria moja: anayekimbia azungumze. Ukishindwa kumalizia sentensi, punguza mwendo. Ukiweza kuimba, ongeza kidogo. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa amelipwa mshahara ili awanyamazishe watoto, sasa alisimama getini akiwauliza, "Mbona kimya? Hebu semeni." Mwanzoni walimtazama kwa wasiwasi, wakidhani wanategwa. Kisha wakasema, na walipoanza kusema mbavu ziliacha kuwachoma. Kila wiki wachache zaidi walirudi wakikimbia, mpaka akabaki mmoja.

Huyo mmoja aliitwa Kiberiti. Ndiye aliyekuwa na kasi kuliko wote, na ndiye pekee aliyekuwa bado akirudi akitembea. Jina alipewa na wenzake: anawaka, anazimika. Hakuvumilia kuona mgongo wa mtu mbele yake.

"Mwanangu, unakimbilia wapi?" mwalimu alimuuliza.

"Mbele, mwalimu."

"Na ukishafika mbele?"

Alifikiri kwa uaminifu. "Nachoka."

Mwalimu akampanga na Bibi, msichana aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuwahi kuonekana ana haraka, hata ya kwenda kula. Bibi alikuwa na hadithi yake ya kujitungia, ya simba aliyeajiriwa benki. Simba alikuwa mpole na alivaa tai, ila wateja walipomwona walikuwa wakitupa pesa zao na kukimbia, hivyo meneja akawa hataki kabisa kumfukuza. Bibi aliisimulia njiani tu, kwa sauti ndogo na kwa mwendo wake. Ukimpita humsikii, ukibaki nyuma humsikii.

Siku ya kwanza Kiberiti alimpita, kisha akarudi.

"Umesema tai ilifanyaje?"

"Nimeshasema. Sirudii."

Wiki zilizofuata alikaa ubavuni mwake mpaka sokoni, halafu akakumbuka yeye ni nani, akachomoka, akazimika kabla ya posta. Njia nzima hakuwahi kuimaliza.

Siku ya siku ikafika. Mwalimu mkuu aliomba filimbi, akaipuliza kwa nguvu ya mtu aliyeingoja tangu utotoni. Na Kiberiti, alipoona mkubwa anamtazama, akawaka. Alikata kona ya karakana peke yake, wenzake wakiwa ndiyo kwanza wanaanza mazungumzo.

"Yule ana mbio," alisema mwalimu mkuu.

"Anazo, mkuu."

"Atakuwa wa kwanza kurudi."

"Hicho ndicho ninachokiogopa."

Wakangoja. Mwalimu alitazama upande wa posta mpaka macho yakamwuma. Kiberiti hakutokea. Atakuwa ameegemea ukuta wa soko, alijiambia, ameshika kiuno, na kipindi kimekwenda.

Kisha wakasikia. Zilikuwa nyayo nyingi, raba na miguu mitupu, zikigonga ardhi kwa mwendo mmoja usio na haraka wala uchovu. Juu ya nyayo hizo, kila baada ya muda darasa zima lilicheka, kisha likatulia kusikiliza tena. Ndipo wakatokea pembeni ya posta. Walikuja kundi moja lililoshikana, vichwa vyote vimeelekea kwa Bibi, na ubavuni mwake kabisa, sikio limetangulia, Kiberiti. Baadaye alieleza, bila kuona ajabu yoyote, kwamba alipofika sokoni alikumbuka mara ya mwisho simba aliachwa amefungiwa kwenye kabati la chuma. Akageuka, akakimbia kuwafuata wenzake walikokuwa.

Hakuna aliyetembea. Hakuna aliyeonekana kujua kwamba anakimbia. Mwalimu aliyajua mapafu yale, aliyasikia yakikohoa kila asubuhi; aliyajua magoti yale na makovu yake, na viatu vilivyorithiwa kwa kaka na dada. Hakujua kama vinaweza hivi. Vinyweleo vya mikono vilimsimama. Mtoto mzito wa mwendo kuliko wote alikuwa amelivuta darasa zima mji mzima kwa sauti isiyofika dawati la pili.

Walifika getini. Mwalimu mkuu alinyoosha mikono kuwapokea. Bibi alimpita akisema, "Sasa meneja akamchungulia simba kabatini kwa tundu la ufunguo," na darasa la nne lote likampita pia, kwa adabu, shikamoo mwalimu, shikamoo mwalimu, likakata kona ya karakana kwa mara ya pili.

Kengele ya hisabati ikalia. Hakukuwa na mwanafunzi wa kuisikia.

"Wanakwenda wapi?" aliuliza mwalimu mkuu.

"Naona hadithi haijaisha."

Mwalimu mkuu alisikiliza mpaka nyayo zikamezwa na kelele za soko. Alivua koti, akalikunja mkononi polepole.

"Kipindi ni chako," alisema. "Hisabati nitawatafutia saa nyingine." Halafu, macho yakiwa bado kwenye kona, "Na huyo simba, alitoka kabatini?"

"Sijui, mkuu. Mimi sijawahi kuweza kuwafuata niisikie."

Wakasimama wote wawili, wakangoja.