Gitaa Lililopata Mafua

Verdell Stallworth hakuwa mtu wa kuamini haraka. Maziwa aliyanusa kabla hayajafika mezani, samaki aliwafunua mashavu mbele ya mwenye duka, na Mchungaji akitangaza kwamba ibada itakwisha saa sita, yeye aliteleka maharage yake kwa hesabu ya saa saba. Mara nyingi hakukosea, na hilo ndilo lililomharibu.

Kazi yake ilikuwa kupiga pasi mashati ya watu kwa dobi mmoja hapa Newark, tangu alipokuja kutoka Georgia wakati wa vita. Mumewe, Cleophus, alimjulia kwenye harusi ya rafiki, na kusema kweli alilijua gitaa kwanza. Lilikuwa kubwa, la rangi ya asali iliyoungua, kifua kimebinuka, tumbo tupu, na matundu mawili marefu yaliyopinda huku na huku ya nyuzi. Mchana lilipiga nyimbo za kanisani, jioni likapiga za kuchezea wawili wawili, na wazee walipotaka zile za mashambani kwao Georgia, likazipiga pia bila kubadilishwa hata uzi mmoja. Verdell alimwambia Ozella, dada yake Cleophus, "Kitu kinachokubaliana na kila mtu, mimi sikiamini." Akaolewa nacho hata hivyo.

Kwa sababu ya ule utupu wa tumbo, gitaa lile lilisikika bila umeme. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, Cleophus alikaa jikoni akalipapasa huku mkewe anakoroga uji wa mahindi, na sauti ilitosha nyumba nzima. Hiyo ilikuwa raha ya Verdell, ingawa hakuwahi kuitamka.

Kisha mapafu yakamwangusha Cleophus. Miezi saba alilala hospitali ya kifua kikuu, na alipotoka daktari alimwambia moshi wa sigara utamzika. Alikuwa amepiga kwenye mabaa miaka kumi na minne. Aliweka mkono juu ya Biblia ya mama yake akaapa, "Verdell, baa siingii tena." Tangu siku hiyo alipiga kanisani tu Jumapili, pembeni ya piano, kwa sauti ya chini. Mwaka ukapita, wa pili ukaanza.

Jumatatu moja ya mwezi wa tatu, gitaa likapata mafua. Sauti iliyokuwa ikijaa jikoni ilikwama kooni.

"Lina nini hilo?" Verdell aliuliza.

"Nyuzi zimechoka," alijibu mumewe bila kuinua kichwa.

Nyuzi zilikuwa za mwaka mpya. Verdell mwenyewe alizinunua. Mume alipotoka, Verdell alimulika tochi tunduni, akachukua sindano yake ya kufumia yenye ndoana, akavua. Ilitoka soksi ndefu ya kike, ya hariri. Ikafuata ya pili, kisha tambara la jikoni, vyote vinanuka sigara.

Ozella, aliyekuwa akikaa ghorofa ya juu, aliitwa aje aone. Aliinua ile soksi kwa vidole viwili.

"Pole, wifi. Kumbe kaka yangu bado ana nguvu zake."

"Nyamaza. Angekuwa mwanamke ningelala usingizi."

"Makubwa haya."

"Gitaa hili haliwezi kelele, Ozella. Liunge na spika karibu na kinanda cha umeme na ngoma, tumbo linajaa sauti mpaka linapiga yowe lenyewe. Ndiyo maana wapigaji hulishindilia matambara. Sasa niambie, kinanda cha umeme kiko wapi? Kanisani kwetu hakipo."

Ozella alifikiri. "Kwenye baa ya Tolliver kipo. Wanapiga kila Jumamosi alasiri."

"Na kila Jumamosi alasiri kaka yako anakwenda kumsaidia rafiki yake Gaskin kupaka nyumba rangi. Vyumba vitatu, wiki ya sita hii. Wanaipaka rangi au wanaijenga? Na gitaa la nini huko?"

"Labda wanapumzikia. Si umuulize?"

"Nimuulize ili anidanganye mara ya pili? Njia ya mwongo ni fupi, wifi. Mwache aende, tutakutana mbele."

Alisema kwa ukali, lakini alikuwa anaogopa. Alikuwa ameshika beseni jeupe Cleophus alipotapika damu, na tangu hapo kila kikohozi chake alikihesabu kutoka chumba cha pili. Hakutaka kuwa mjane. Alivirudisha vitambaa tumboni mwa gitaa kimoja kimoja, na wiki ile nzima akampakulia mumewe chakula kwa tabasamu, jambo ambalo lingemshtua mwanamume yeyote mwenye akili.

Jumamosi, Cleophus aliponyoa ndevu, Verdell alivivua tena akavificha chini ya mashati ya watu. Sasa gitaa lingemshtaki lenyewe mbele ya wateja.

Alimfuata kwa upande wa pili wa barabara. Kwenye kona alimwona Gaskin akimpokea, na alipofika yeye kona ile, wote wawili walikuwa wametoweka. Alisimama mlangoni kwa Tolliver. Kinanda kilianza, ngoma ikaingia, gitaa likajibu vizuri kwa muda mfupi, kisha likapiga yowe. Watu walicheka. Verdell akasukuma mlango.

Aliyekuwa na gitaa mapajani ni Gaskin. Alikuwa ameinama, anapapasa matunduni, jasho linamtoka.

"Jumamosi ijayo uje na gitaa la ubao, lisilo na tumbo," Tolliver alimwambia kutoka kaunta. "Hilo bibi kizee lenu silitaki tena humu."

Gaskin aliinua macho. "Shemeji," alisema polepole. "Yuko nyuma."

Verdell alipita jikoni akatokea uani. Cleophus alikuwa ameketi juu ya kreti, skafu shingoni, mbali kidogo na mlango uliokuwa wazi. Vidole vya mkono wake wa kushoto bado vilikuwa vimebana paja, pale pale wimbo ulipokatika.

"Ndani sikuingia," alisema. "Hata siku moja. Gaskin anapiga, mimi nasikiliza hapa."

"Unalisikia nyumbani kila siku."

"Nyumbani linanong'ona. Kanisani vilevile. Likisimama na kinanda linakuwa lile nililolijua, Verdell. Wiki nzima naingojea saa hii moja."

"Mbona ukaniambia rangi?"

"Ungekubali?"

Verdell alitaka kusema ndiyo. "Nisingekubali," alisema.

Ndani walianza wimbo mwingine bila gitaa. Cleophus aliusikiliza kidogo, akafunga vifungo vya koti.

"Umeyatoa wewe yale matambara."

"Ni mimi."

Hakufoka. Verdell angeona afadhali afoke.

"Basi nenda ukaniletee gitaa, mke wangu," alisema. "Mimi humo siwezi kuingia. Nilikuapia."